Tunakunywa nini Mwanza mwezi huu

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwenye kibaraza cha nyumba moja huku Bwiru, hakuna anayepewa kiti kabla hajajibu swali: "Unakunywa nini siku hizi?" Hatuulizi habari za baa wala za kampuni. Tunataka kujua kilichomo kwenye ndoo yako nyumbani, umekipika kwa nafaka gani au tunda gani, kimechacha kwa muda gani, na kina kasoro gani. Kasoro ni lazima itajwe. Anayeficha ya kwake anatunyima sote somo.

Tuko wachache. Yupo fundi friji, yupo muuguzi, yupo mwalimu mstaafu wa Ukerewe, yupo kijana wa kompyuta, yupo mama wa Kihaya anayepika lubisi, pombe ya ndizi, huko Igoma, na mimi nipo. Gongo hatugusi. Kutengeneza pombe ya mtambo bila leseni kumepigwa marufuku kwa sheria tangu 1966, na mtambo unaoendeshwa kwa kubahatisha unaua. Sisi ni watu wa kuchachua tu: bia, saida (juisi ya matunda iliyochachushwa), lubisi, na pombe ya asali mara mojamoja, asali ya Tabora ikipatikana kwa bei ya kueleweka.

Nimeamua kuandika yaliyokuwa mezani mara ya mwisho kwa sababu kuna jambo nazidi kuliamini kila tunapokutana. Pombe nzuri ya nyumbani huku Ziwani ni ile inayoanzia kwenye nafaka ya huku, tunda la huku na joto la huku. Ile inayopikwa ili ifanane na chupa ya dukani inagharimu zaidi, inasumbua zaidi, na mwisho wake unakuwa umetengeneza kitu ambacho tayari kinauzwa kwenye kila kona ya Kirumba. Wenzangu hawakubaliani nami wote, na hoja zao nitazileta.

Mimi nakunywa bia ya ulezi. Nianze nayo kwa sababu ndiyo niliyoihangaikia kuliko zote.

Ulezi nanunua sokoni, ule mwekundu uliokolea. Naupepeta, naulowesha usiku kucha, asubuhi nauchuja na kuuweka ndani ya gunia la katani lililoloa. Gunia linalala kwenye kivuli cha jabali nyuma ya nyumba. Asubuhi na jioni nanyunyiza maji na kuugeuza kwa mkono ili usishike joto ukaota ukungu. Ukiingiza mkono katikati ya gunia siku ya pili unakuta uvuguvugu, na harufu inayotoka ni ya tango lililokatwa sasa hivi. Vimizizi vikirefuka kuipita punje yenyewe, nauanika juani juu ya jabali. Majabali Mwanza hatununui, na jabali lililoshika joto la mchana linakausha kimea kuliko mkeka wowote. Baada ya hapo nakisugua kwa viganja vimizizi vidondoke, napepeta tena, napeleka mashineni na kumwomba mwenye mashine akipasue tu, asikifanye unga.

Anayetumia mtama asiruke hatua ya kusugua na kupepeta. Mtama unapochipua hujijengea kemikali iitwayo dhurini, ambayo ikivunjika inatoa sianidi, na nyingi iko kwenye vichipukizi na vimizizi. Bibi zetu walikuwa wanavitoa bila kuambiwa habari ya sianidi na mtu yeyote.

Kwenye kupika sasa ndipo wengi wanapokwama. Maelekezo mengi ya bia ya nyumbani yameandikwa kwa ajili ya shayiri. Wanga wa shayiri unafunguka kwenye nyuzi 60 hadi 65 hivi, na kwenye joto hilo vimeng'enya vya kimea bado viko hai, vinaugeuza wanga kuwa sukari. Wanga wa mtama na ulezi ni mgumu zaidi, unataka joto la juu, na joto hilo hilo ndilo linaloua vimeng'enya. Ukifuata maelekezo ya shayiri neno kwa neno unaishia na uji mzito usio na utamu, na hamira haina cha kula humo.

Njia ninayotumia ni hii. Kimea chote nakiloweka kwenye maji vuguvugu, nakoroga, nakiacha kitulie. Nafaka inazama, juu yanabaki maji yenye rangi ya maziwa, na vimeng'enya vimo humo. Nayateka kwa kata, polepole, nisivuruge chini, nayaweka pembeni. Nafaka iliyobaki naipika mpaka itokote, iwe uji mzito unaorusha matone mkononi. Naepua, nasubiri ushuke mpaka nyuzi 65, ndipo narudisha yale maji. Baada ya dakika chache mwiko uliokuwa mzito unaanza kwenda wenyewe. Uji unalegea, unakuwa majimaji, na ukionja ncha ya mwiko, utamu umeshaingia. Kila mara nikifika hapo huwa naita mtu yeyote aliye karibu aje aone.

Halafu fikiria togwa inavyotengenezwa. Unapika uji, unauacha upoe kiasi, unatia kimea kibichi, unalegea na kuwa mtamu. Ni kanuni ileile. Tatizo ambalo wapika bia wa nafaka zisizo shayiri wanalijadili hadi leo huko Ulaya na Marekani lilishapata jibu kwenye majiko yetu ya kuni, na jibu lenyewe tunawapa watoto wanywe asubuhi. Na ulezi una sifa yake: kimea chake kina nguvu ya kugeuza wanga kuliko cha mtama, ndiyo maana hata Wachaga kwenye mbege wanategemea ulezi.

Baada ya kuchuja kwa kitambaa, maana ulezi hauna maganda ya kujichujia kama shayiri, nachemsha kwa saa nzima na hopi, maua yanayoipa bia uchungu wake. Hopi ndiyo kitu pekee kwenye sufuria yangu kinachotoka mbali. Mmea huu unataka siku ndefu za kiangazi ili ukue vya kutosha kabla ya kutoa maua, na sisi tuko karibu nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, ambako mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Kwa hiyo naagiza. Natumia gramu 20 kwa lita 15, na naongeza kidogo juu ya kile kinachoelekezwa, kwa kuwa Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96, si 100. Uchungu wa hopi unatoka taratibu zaidi kwenye joto hilo.

Haidromita, kifaa kinachoonyesha sukari iliyomo kwenye kimiminika, ilisoma 1.044 kabla ya hamira na 1.012 mwishoni, yaani kilevi cha asilimia 4 na kitu. Rangi yake ni ya chai isiyo na maziwa. Mdomoni inaanza na ladha ya ganda la mkate, inamalizia kwa ukavu kidogo unaotokana na ganda la ulezi. Kasoro yake ni povu: linapanda vizuri na kuzama kabla hujameza fundo la pili. Shayiri ina protini zinazoshikilia povu, ulezi hauna za kutosha. Nimeambiwa nichanganye ngano. Sijaamua.

Fundi friji alileta pilsna, bia ya shayiri inayochachushwa kwenye baridi. Yeye ndiye mpinzani wangu mkuu kwenye hoja hii, na haki yake nimpe: ilikuwa bia safi kuliko zote mezani, ya rangi ya majani makavu, angavu kiasi kwamba ukiweka gazeti nyuma ya glasi unasoma. Amelichukua friji la zamani, amelifungia kidhibiti joto, na humo anaichachusha kwa nyuzi 10 hadi 12, kisha anailaza kwa wiki kadhaa karibu na sifuri. Kimea cha shayiri kinamfikia kwa kilo chache chache ndani ya begi la ndugu anayesafiri. Inauma kidogo, ukizingatia kwamba shayiri inalimwa nchini, kule West Kilimanjaro, Monduli na Karatu, ila inakwenda viwandani kwa malori na mtu wa ndoo moja hana pa kuingilia.

Nilimwuliza ndani ya ile chupa kitu gani ni cha Mwanza. Akajibu: "Maji, kaka. Na maji ndiyo zaidi ya asilimia tisini ya bia." Hapo alinipata. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, yana madini machache, na maji ya namna hiyo ndiyo yaliyoifanya pilsna iwe pilsna. Mwaka 1842 katika mji wa Plzeň, ambao leo uko Jamhuri ya Czech, Josef Groll alipika bia ya kwanza ya aina hiyo kwa maji laini ya pale, na uchungu wa hopi ukatoka mwororo, usiokwaruza koo. Kwenye mji wa Burton huko Uingereza maji yana jasi nyingi, ndiyo maana bia zao za zamani zinauma ulimi kwa namna nyingine kabisa. Kwa hiyo kama kuna mji Tanzania ambao bomba lake linafaa pilsna, ni huu.

Lakini maji hayo yana klorini, na klorini ikikutana na kimea inaleta harufu ya Dettol. Kijana wa kompyuta aliwahi kutuletea ndoo nzima yenye harufu ya wodi. Dawa yake ni ndogo: acha maji kwenye ndoo iliyo wazi usiku kucha, au yachemshe robo saa na uyapoze kabla ya kupikia. Na anayesafishia vyombo kwa jiki asuuze kwa maji yaliyochemshwa mpaka harufu iishe kabisa. Nimewaona watu wakilaumu hamira miezi mizima, na shida yao ilikuwa kwenye suuzo.

Pilsna ya fundi ilikuwa na kiharufu cha siagi, na alikitaja mwenyewe kabla hatujanyanyua glasi. Hamira hutoa ladha hiyo inapochachua na baadaye huifyonza yenyewe, mradi iachwe kwenye joto la kutosha siku mbili tatu za mwisho. Yeye aliwahi kuipoza. Umeme ulikuwa unakatika, akaogopa, akashusha joto mapema ili bia isiharibike. Friji, kidhibiti joto, jenereta ya jirani, wiki za kusubiri: vyote hivyo ili upate baridi ambayo Mwanza haina. Naipenda bia yake na nitaendelea kuinywa kila akiileta. Ila siwezi kumshauri mtu anayeanza leo na ndoo moja aanzie hapo.

Anayeanza ningempeleka kwa muuguzi.

Yeye alianza na saida ya matufaha, kwa kuwa ndiyo aliyoionja kwanza, ile Savanna ya Afrika Kusini inayouzwa kwenye chupa nyeupe. Juisi ya boksi, hamira, ndoo, basi. Ndoo ya kwanza haikuchacha hata kidogo. Aliposoma ubavuni mwa boksi akakuta sodiamu benzoeti, ambayo inawekwa makusudi ili kitu chochote kisichache. Akabadilisha, akatafuta juisi tupu isiyo na dawa, ikachacha. Ikabaki na upungufu mwingine: ilikuwa nyepesi mdomoni, haina kifua. Matufaha ya saida ya Normandia na Somerset si haya ya kutafuna. Ni machungu na makakasi, na ukakasi ule ndio unaoipa saida mwili. Alichofanya ni kuchemsha chai ya rangi nzito, kikombe kimoja kwa ndoo, akaimimina humo. Nilikuwa na shaka nayo mpaka nilipoonja.

Sasa ameachana na matufaha kabisa, amehamia kwenye mananasi ya Geita. Mananasi hayo zamani yalikaa foleni ya kivuko pale Busisi hadi mengine yanaanza kuchacha yenyewe ndani ya gari. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, nanasi lililovunwa asubuhi unaweza kulimenya Mwanza siku hiyohiyo. Anachagua yaliyoiva mpaka chini yananukia, anamenya, anatoa kile kiini kigumu, anasaga, anachuja kwa kitambaa, anapasha moto bila kuchemsha, anapoza, anatia hamira. Juisi inaanza kwenye 1.050 au zaidi kidogo na inashuka mpaka karibu na 1.000, kwa hiyo sukari yote imeliwa na kilevi kinapita asilimia 6. Saida hii ni kavu, kali kidogo kwa uchachu, na harufu ya nanasi imebaki yote ingawa utamu haupo. Ukiinywa na dagaa wa kukaanga waliokamuliwa ndimu, unaelewa kwa nini sasa hanunui tena matufaha.

Ana mbinu moja ambayo nataka kila mpika pombe aichukue. Kuweka gesi kwenye chupa kunataka sukari kidogo wakati wa kujaza, gramu 6 hadi 7 kwa lita, ili hamira iliyobaki ichachue kidogo ndani ya chupa iliyofungwa. Ukizidisha, au ukijaza kabla ya kuchacha kuisha, chupa inapasuka, na chupa ya kioo inayopasuka inaweza kukutoboa jicho. Kwa hiyo kwenye kila ndoo anajaza chupa moja ya soda ya plastiki pamoja na zile za bia. Kila asubuhi anaibonyeza. Ikiwa bado inabonyea, gesi haijatosha. Ikiwa ngumu kama mpira wa miguu uliojazwa upepo, anahamishia chupa zote kwenye friji siku hiyohiyo. Chupa yenyewe anasisitiza iwe ya kahawia, ile ya nusu lita iliyo kwenye kila kreti. Kwa saida rangi haina shida kubwa, ila kwa bia yenye hopi mwanga wa jua unapita kwenye kioo cha kijani au cheupe na kuigeuza harufu ndani ya muda mfupi sana, hasa kwa jua la huku.

Lubisi ya mama wa Igoma ndiyo iliyotuchukulia jioni nzima.

Ndizi zake zinatoka Kagera, nyingine kwa lori, nyingine kwa meli ya Bukoba inayotia nanga Mwanza alfajiri ikiwa imesheheni mikungu kutoka Kemondo. Ni ndizi za pombe, si za kupika; ukiila ikiwa mbichi inakwaruza mdomo. Anaziivisha mpaka maganda yanalegea, anazimenya, anaziweka kwenye mtumbwi wa mti uliochongwa, anatia nyasi kavu na kuzikanda. Nyasi ndizo zinazolazimisha juisi itengane na nyama ya ndizi. Bila nyasi unapata uji wa ndizi, na hata uukamue vipi hautoi kitu. Anachuja, anazimua kwa maji, anatia mtama uliokaangwa na kusagwa, anafunika kwa majani ya mgomba. Kesho yake, lubisi.

Hana haidromita. Kijana wa kompyuta alipomwuliza anajuaje kama imeiva, alisema: "Mwanangu, weka sikio." Akaegemeza kichwa juu ya dumu, nasi tukafuata mmoja mmoja. Ikiwa bado, inanong'ona mfululizo. Ikikaribia, inatoa kishindo kimoja kimoja kwa nafasi. Ikinyamaza kabisa umechelewa, maana siku ya tatu inaelekea kwenye siki. Lubisi aliyotuletea ilikuwa ya kijivu, nzito, tamu mbele na chachu nyuma, ina harufu ya moshi kidogo kutokana na mtama uliokaangwa. Kasoro aliyoitaja: mtama ulikaangwa na binti yake, ukapitiliza.

Kijana naye alikuwa na la kwake. Miezi michache iliyopita alipata hamira ya Norwei inayoitwa kveik, kutoka Voss, magharibi ya nchi hiyo. Wakulima wa kule wameitunza majumbani kwa vizazi, wanaikausha na kuirithisha, na sifa yake ni kwamba inachachua kwenye nyuzi 35 hadi 40 bila kuharibu ladha. Hamira nyingi za bia kwenye joto hilo hutoa harufu kali za rangi na spiriti. Kwa nyumba ya bati ya Mwanza, ambako mchana ndoo yako inaweza kukaa juu ya nyuzi 28 ukipenda usipende, hamira hii inakuondolea friji, kidhibiti na jenereta kwa mpigo.

Alimweleza mama kwamba wazee wa kule walikuwa wanachovya kwenye povu pete ya mbao iliyosukwa, wanaitundika ikauke, na siku ya kupika wanaitumbukiza kwenye pipa jipya. Mama alimsikiliza, halafu akauliza: "Kwa hiyo na wao hawaoshi mtumbwi kwa sabuni?" Tukanyamaza kidogo. Mtumbwi wake yeye haujawahi kuguswa na sabuni. Anausuuza kwa maji, anauanika juani, basi, na hamira ya lubisi yake inaishi kwenye nyufa za ule mti kutoka mpiko mmoja hadi mwingine. Ameurithi mtumbwi huo kwa mama mkwe wake.

Sijui mtu anawezaje kusikia mazungumzo hayo halafu akaendelea kusema pombe ya kienyeji ni kitu kimoja na ufundi wa bia ni kitu kingine. Mkulima wa Voss siku hizi anatembelewa na wageni kutoka mabara yote wakitaka kipande cha hamira yake. Mama wa Igoma anatembelewa na wateja wa mia mia, na hamira yake haijawahi kuchunguzwa wala kuhifadhiwa popote. Mtumbwi ukipasuka, imekwisha. Kijana amemwomba amkwangulie kidogo, anaikausha kwenye karatasi safi, na sasa anaendesha ndoo mbili za juisi ya ndizi pembeni kwa pembeni, moja kwa kveik, nyingine kwa hamira ya mtumbwi. Ya kveik tuliionja mapema: ina harufu ya ganda la chungwa, kama sifa yake inavyosemwa. Ya mtumbwi haikuwa tayari.

Kwa mwalimu nitapita haraka, si kwa kuwa bia yake ni mbaya, bali kwa kuwa anaipika vilevile mwaka hata mwaka na hataki kubadilisha kitu. Ni bia ya ngano, giligilani iliyotwangwa kidogo, na maganda ya machungwa ya Ukerewe, yale yanayobaki ya kijani hata tunda likiwa limeiva. Mtindo ni wa Ubelgiji. Ulikuwa umekufa kabisa katika mji wa Hoegaarden hadi muuza maziwa mmoja, Pierre Celis, alipoufufua mwaka 1966. Mwalimu anakwangua ganda kwa kisu, anaacha ile nyama nyeupe kwa sababu inaleta uchungu, na analianika kivulini. Juisi ya machungwa anakunywa kama juisi. Ukiichachusha, sukari inaondoka na kuacha ukali wa ndimu na uchungu mtupu, na hilo ni onyo kwa yeyote mwenye shamba Nansio anayefikiria divai ya machungwa.

Tulibishana pia juu ya joto la kunywea. Kila baa ya Kanda ya Ziwa mhudumu anakuuliza, "Ya baridi au ya moto?" na wazee wengi wanasema ya moto, yaani isiyopita kwenye friji. Vijana huwashangaa. Mimi nasimama na wazee, walau kwa bia zetu. Baridi kali inafunga harufu. Ile ladha ya ganda la mkate ya ulezi, ule moshi wa lubisi, vyote vinapotea ukivishusha kwenye nyuzi 4. Pilsna ya fundi iwe baridi, hiyo imeumbwa hivyo. Ulezi nauweka kwenye beseni la maji kivulini na gunia lililoloa juu yake, upepo wa ziwa unamaliza kazi, na ndivyo ninavyoukaribisha kwa wageni, pamoja na sato wa kukaanga.

Kilichoniingia kichwani tangu siku ile ni matobolwa. Wasukuma wanakausha viazi vitamu kwa njia mbili: michembe ni vipande vilivyokaushwa vibichi, matobolwa vimechemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Kiazi kitamu kina kimeng'enya kingi kinachogeuza wanga kuwa moltosi wakati kinapopata moto polepole, na moltosi ndiyo sukari ambayo mpika bia anaitafuta kwenye kimea cha shayiri. Matobolwa tayari yana moltosi ya kutosha, ndiyo maana ni matamu yakitafunwa makavu. Michembe, kwa kuwa haikuona moto, huenda bado ina kimeng'enya kilicho hai. Kwa hiyo nimenunua vyote viwili. Nitasaga matobolwa niyatie kwenye uji wa ulezi wakati ukipoa, na michembe nitailoweka pamoja na kimea mwanzoni, ili maji ya maziwa yale yabebe vimeng'enya vya pande zote mbili. Mwalimu anasema itakuwa na harufu ya udongo. Mama wa Igoma amesema nipunguze hopi, na kwamba kuna mtu wa Moshi anaweza kuniletea gome la msesewa, lile la mbege, nijaribu uchungu wake. Nimeshampigia. Gome litafika na basi la wiki ijayo, na ulezi nimeulowesha jana usiku.